Manometa ya mazutu kwenye kamyo yenye turbo: namna ya kuiweka na namna ya kuitii



Katika vyama vingi tunavyotembelea, kamyo ndiyo mali kubwa kuliko zote baada ya shamba. Mavuno yakianza, kila kitu kinaitegemea. Ikisimama siku tatu, nyanya zinaoza kwenye vikapu, mpunga unalala deponi, na mnunuzi aliyengoja mjini anaenda kununua kwa wengine. Mara nyingi kinachoisimamisha si injini kuvunjika. Ni mazutu tu ambayo hayafiki kwenye pompi ya injeksio kwa nguvu inayotakiwa. Injini inakosa nguvu kidogo kidogo, watu wanazoea, halafu siku moja, katikati ya mlima na mzigo umejaa, inazimika.

Kuna chombo kidogo kinachoweza kuonyesha ugonjwa huo mapema: manometa, yaani kipimo cha presio, kinachowekwa kwenye njia ya mazutu. Mekanisiye mzuri anaweza kuiweka kwa nusu siku. Katika toleo hili tunaeleza namna ya kuichagua, kuiweka na kuisoma. Lakini tuseme tangu mwanzo: manometa haitengenezi kitu. Inasema tu. Kama chama hakijakubaliana ni nani mwenye haki ya kusimamisha kamyo mshale ukishuka, basi mmenunua pambo la tablo.

Mazutu yanapita njia gani

Mazutu yanatoka kwenye tanki, yanapita kwenye kichujio kidogo cha chini, yanafuata tuyo hadi pompi ya kulisha. Hii pompi ya kulisha kazi yake ni kuyavuta na kuyasukuma polepole. Kisha yanapita kwenye filtere, ndipo yanaingia kwenye pompi ya injeksio. Pompi ya injeksio ndiyo yenye nguvu kubwa: inayabana na kuyatuma kwenye injektere, na injektere zinayapulizia ndani ya silinda. Yale yanayobaki yanarudi kwenye tanki kwa tuyo nyingine.

Kwa hiyo kuna sehemu mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Sehemu ya kwanza, kutoka tanki hadi mlango wa pompi ya injeksio, ina presio ndogo. Tairi ya gari ndogo inajazwa hewa hadi bari 2 hivi. Pompi nyingi za kulisha za mekanika hazifiki hata bari 1. Chukueni mfano wa injini ya Perkins 4.236, ambayo iko kwenye matrakta mengi ya Massey Ferguson. Pompi yake ya kulisha, ikisukuma huku mlango umefungwa, inatakiwa kutoa kati ya bari 0.42 na 0.70. Ni nguvu ndogo sana, na ndiyo sababu uchafu kidogo tu unaweza kuishinda.

Sehemu ya pili, kutoka pompi ya injeksio hadi injektere, ina presio ya kutisha: mamia ya bari kwenye injini za zamani, na zaidi ya bari 1,500 kwenye injini nyingi za kisasa. Manometa tunayoizungumzia inawekwa kwenye sehemu ya kwanza peke yake. Hili tutalirudia, kwa sababu ni jambo la uhai wa mtu.

Kwa nini turbo inafanya jambo hili kuwa kubwa

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini. Inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda kuliko ile ambayo injini ingevuta yenyewe. Hewa ikiongezeka, injini inaweza kuchoma mazutu mengi zaidi, na hapo ndipo nguvu ya kupanda mlima na tani nne inatoka. Lakini hewa peke yake haisukumi kamyo. Turbo ikileta hewa na mazutu yasipofuata, hakuna kitu.

Watu wenye magari ya esanse yaliyofungwa kompresa, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, wanaweka manometa ya aina hii kwa sababu nyingine ambayo ni vizuri kuijua. Kwenye injini nyingi za esanse, injektere inapulizia ndani ya njia ya hewa. Kompresa ikiweka bari 0.5 ya hewa mle ndani, hewa hiyo inaisukuma esanse irudi nyuma. Kama presio ya esanse ilikuwa bari 3, lazima ipande hadi 3.5 ili kiasi kilekile kiendelee kutoka. Pompi ikichoka, esanse inapungua huku hewa ikiwa nyingi, joto linazidi, injini inagonga, na pistoni inaweza kuyeyuka kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo kule manometa inalinda pistoni.

Kwenye mazutu si hivyo. Mazutu yakipungua, injini inapoteza nguvu tu, pistoni haiyeyuki kwa sababu hiyo. Ndiyo maana watu wanadharau. Wanasema: "Si inaendelea kutembea?" Ndiyo, inaendelea. Lakini pompi nyingi za injeksio zinapakwa mafuta na mazutu yenyewe. Hazina mafuta mengine ya kulainisha vyuma vyake vya ndani. Zikikosa mazutu, au zikivuta mazutu yaliyochanganyika na hewa na maji, vyuma vinasuguana vikavu. Kwa hiyo kwetu manometa inalinda pompi ya injeksio, na pompi ya injeksio ndiyo moja ya vitu vya bei kali zaidi kwenye injini ya mazutu.

Kamyo moja ya bonde la Ruzizi

Chama kimoja cha wakulima wa mpunga na mahindi katika bonde la Ruzizi kina kamyo ya tani 4 yenye turbo. Kila wiki inapakia chini bondeni na kupanda hadi Bukavu. Wanaoijua njia hiyo wanajua escarpement ya Ngomo: barabara inakata ukingo wa mlima, zamu kwa zamu, na kule juu ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Ni mahali ambapo injini inaombwa kutoa yote iliyo nayo.

Tulipofika, kamati ilikuwa na maneno na shofere. Safari iliyokuwa ya saa tatu ilikuwa imekuwa ya saa tano. Mazutu yaliandikwa mengi kuliko zamani. Shofere alisema: "Papa Prezida, chini iko muzuri. Ku mulima njo inakufa." Prezida alimjibu mbele ya watu: "Batu banasema unauzishaka mazutu mu njia." Mama mmoja wa kamati ya usimamizi aliuliza kwa upole kama kuna namna ya kujua bila kumhukumu mtu kwa maneno ya watu. Hakuna aliyekuwa na jibu. Shofere alikuwa amefanya kazi miaka sita, na wiki ile ilikuwa imebaki kidogo afukuzwe.

Mekanisiye aliweka manometa kati ya filtere na pompi ya injeksio. Injini ikiwa kwenye ralanti, mshale ulionyesha bari 0.5. Kwenye tambarare bila mzigo, 0.4. Wakapakia, wakapanda, na mtu wa kamati akakaa pembeni ya shofere akiandika. Kwenye zamu za kwanza za mlima mshale ulishuka chini ya 0.1 na ukabaki hapo. Kamyo ilitambaa kwa gia ya pili, na ikitambaa hivyo kwa muda mrefu, inakula mazutu mengi kwa kila kilometa. Hesabu ya litre ilikuwa imepata maelezo yake.

Walibadilisha filtere. Mlimani mshale ulifika 0.2: nusu ya ugonjwa. Walipofungua tanki, walikuta kichujio cha chini kimevikwa nyuzi za gunia na matope. Wakasafisha tanki, wakapuliza tuyo, na safari iliyofuata mshale ulisimama kwenye 0.4 mlima mzima. Nyuzi zilitoka wapi? Kwenye kitambaa cha gunia ambacho depo ilitumia kuchuja mazutu ya bidoni.

Tunaeleza habari hii si kwa sababu ya mlima, bali kwa sababu ya yale maneno. Watu wawili waliokuwa wanagombana walipata namba moja ambayo wote wawili wangeweza kuisoma. Shofere hakuhitaji kuapa, na prezida hakuhitaji kumwamini kwa moyo tu.

Jua injini yako kwanza

Kabla ya kununua kitu, mwulizeni mekanisiye: injini yetu ni ya aina gani kati ya hizi tatu?

Aina ya kwanza ina pompi ya kulisha iliyofungwa ubavuni mwa injini au pembeni ya pompi ya injeksio. Kamyo nyingi na matrakta mengi ni hivyo. Hapa manometa ya presio ya kawaida inafaa, ikiwekwa baada ya filtere.

Aina ya pili haina pompi ya kulisha ya nje. Pompi ya injeksio yenyewe inavuta mazutu kutoka tanki. Land Cruiser nyingi za mazutu ziko hivyo, kama zile za injini ya 1HZ isiyo na turbo, na ndugu yake yenye turbo, 1HD-T. Mle kati ya filtere na pompi hamna presio ya kusukuma, kuna mvuto. Mkiweka manometa ya kawaida, mshale utalala kwenye sifuri na mtadhani imekufa. Hapa inatakiwa manometa ya kunyonya, inayopima chini ya sifuri. Na kusoma kwake ni kinyume: mvuto ukizidi siku hadi siku, filtere inaziba.

Aina ya tatu ni injini za kisasa zenye kompyuta na bomba moja la presio kubwa linalogawa mazutu kwa injektere zote. Kwenye hizi, manometa inaweza kuwekwa upande wa presio ndogo tu, na kwa mekanisiye anayezijua. Upande wa bomba kubwa unasomwa kwa kompyuta ya garaje. Mtu yeyote asifungue rakori ya upande huo injini ikitembea. Mazutu yanayotoka kwenye tundu jembamba kwa presio ile yanapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaweza kuonekana kidogo kama cha mwiba, lakini mkono unaweza kuharibika ndani. Ikitokea, mpelekeni mtu hospitali saa hiyo hiyo na mwambieni daktari: ni mazutu yaliyoingia kwa presio. Msingoje hadi kesho kuona kama itavimba.

Na injini ndogo ya kusagia mahindi, ile yenye silinda moja na tanki lililo juu yake? Mazutu yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Haihitaji manometa. Inahitaji filtere safi na mazutu yaliyotulia.

Kuchagua manometa

Jambo la kwanza ni kiwango. Dukani wanaweza kukupa manometa ya kompresa ya tairi inayoenda hadi bari 10. Ukiipimia bari 0.4, mshale hautikisiki vya kutosha kuonekana. Kwa pompi ya kulisha ya mekanika tafuta inayoishia bari 1 au 2. Zingine zimeandikwa kwa PSI. Bari 1 ni PSI 14.5.

Jambo la pili ni mtetemo. Pompi ya kulisha inasukuma kwa mapigo kama moyo, na mshale utatetemeka hadi uchakae. Tafuta manometa iliyojazwa gliserini, ile yenye maji mazito ndani ya kioo. Tena mekanisiye aweke kwenye rakori kizuizi chenye tundu dogo, kama milimita moja. Kinatuliza mshale, na siku tuyo ya manometa ikipasuka, mazutu yatatoka machache badala ya kumwagika.

Jambo la tatu: mekanika au umeme? Manometa ya mekanika inajazwa mazutu yenyewe hadi nyuma ya kioo. Ni rahisi na ya kudumu, lakini msiiweke ndani ya kabini. Tuyo ya mazutu haifai kuingia mahali watu wanapokaa. Ifungeni chini ya kapo kwa kupimia mkiwa mmesimama, au nje mbele ya kioo mahali shofere anapoiona. Ile ya umeme ina kichwa kinachobaki kwenye injini, na ni waya tu unaoingia kabini. Hiyo ndiyo nzuri kwa tablo. Angalieni volti: kamyo nyingi zina volti 24, na vyombo vingi vya madukani ni vya volti 12.

Kuiweka, hatua kwa hatua

Kwanza, injini iwe baridi. Turbo ikifanya kazi nzito inaweza kupita nyuzi 500 za joto, na mazutu yakigusa chuma cha moto namna hiyo yanaweza kuwaka bila cheche yoyote. Toa waya wa batri. Hakuna sigara. Weka ekstenkteri au ndoo ya mchanga mkavu karibu. Weka beseni chini: mazutu yakimwagika ardhini, mvua itayapeleka kisimani.

Pili, osha. Piga brashi na mazutu safi kuzunguka filtere na mlango wa pompi kabla ya kulegeza kitu. Punje moja ya mchanga ikiingia baada ya filtere, hakuna kitu kingine cha kuizuia isifike kwenye pompi.

Tatu, tafuta mahali pa kuungia. Tuyo ya mazutu mara nyingi inashikwa na buloni yenye tundu katikati, ile inayopita kwenye jicho la tuyo. Inauzwa buloni ya namna hiyo yenye mlango wa ziada kichwani kwa ajili ya manometa. Ni njia safi kuliko zote, kwa sababu hamkati kitu. Ipime kwa ile ya zamani: uzi, urefu na unene vilingane. Kama haipatikani, mnaweza kukata tuyo ya mpira na kuweka rakori ya T yenye kolie mbili imara. Msitoboe kichwa cha filtere na msichomelee kitu kwenye njia ya mazutu.

Nne, weka rondeli mpya za shaba pande zote mbili za jicho la tuyo. Rondeli ya zamani imekwisha kubanwa, ikirudishwa inavuja. Kwenye injini ya aina ya pili, ile inayovuta, haitadondosha mazutu nje bali itavuta hewa ndani, na mtatafuta ugonjwa wiki nzima.

Tano, tefloni kwa kiasi. Ukiizungushia, acha nyuzi mbili za mwanzo bila kitu ili kipande kisikatike na kuingia kwenye pompi. Na kama kichwa cha umeme kina waya mmoja tu, kinapata masi yake kupitia uzi wa chuma. Tefloni ikijaa pale, mshale hautasema kweli.

Sita, msiache manometa au kichwa chake kining'inie juu ya injini. Mtetemo utakivunja. Kifungeni kwenye chasisi au kwenye ukuta wa injini, na kiunganishwe kwa tuyo laini iliyotengenezwa kwa mazutu. Tuyo ya maji ya bustani italainika na kupasuka. Tuyo ipite mbali na turbo na bomba la moshi, na isisugue chuma popote.

Saba, toa hewa. Legeza skrubu ya hewa juu ya filtere, piga pompi ya mkono mpaka mazutu yatoke bila povu, kisha kaza. Rudisha batri, washa, acha ralanti dakika kumi. Pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa, zima na kaza tena.

Nane, andika. Soma mshale kwenye ralanti, kisha injini ikizunguka kwa nguvu, kisha mlimani na mzigo. Filtere iwe mpya siku hiyo. Namba hizo tatu ndizo afya ya kamyo yenu. Kitabu cha injini kinasema kiwango cha chini. Hapo chora alama ya rangi nyekundu kwenye kioo cha manometa, ili hata asiyesoma namba aone.

Mshale unasema nini

Ukishuka pole pole, wiki baada ya wiki, ni filtere inayoziba. Badilisheni kabla haujafika kwenye nyekundu.

Ukishuka ghafla siku moja baada ya kujaza tanki, shukuni mazutu. Fungueni mlango wa maji chini ya filtere. Maji ni mazito kuliko mazutu, kwa hiyo yatatoka kwanza.

Ukiwa mzuri kwenye ralanti na kuanguka mlimani hata baada ya filtere mpya, angalieni kichujio cha tanki, tuyo iliyobanwa, halafu ngozi ya ndani ya pompi ya kulisha.

Ukipanda tena mara tu mnapofungua mfuniko wa tanki, ni tundu la hewa la mfuniko lililoziba. Mazutu yanatoka lakini hewa haiingii, na tanki linayavuta yarudi. Ni ugonjwa unaoponywa kwa sindano na kitambaa.

Ukirukaruka ovyo, kuna hewa inayoingia. Wekeni kipande cha tuyo inayoonyesha ndani kabla ya pompi kwa muda wa kupima tu, muangalie mapovu.

Na ukizidi kiwango cha juu, msifurahi. Tuyo ya kurudisha mazutu inaweza kuwa imebanwa au imeziba.

Dawa iko deponi

Wengi wetu tunanunua mazutu ya bidoni kwa wale wauzaji wa barabarani wanaoitwa Kadhafi, kwa sababu stesheni iko mbali au imekauka. Hatusemi muache. Tunasema: msimimine bidoni moja kwa moja kwenye tanki. Acheni mazutu yatulie siku nzima kwenye pipa lililosimama bila kutikiswa, myachote kutoka juu, na mabaki ya chini, kama upana wa viganja viwili, yasiingie kwenye kamyo. Kichujio kiwe kitambaa kisichotoa nyuzi. Gunia hapana. Jioni jazeni tanki, kwa sababu tanki tupu usiku linatoa jasho ndani, na jasho hilo ni maji.

Nani asimamishe kamyo

Sasa tunarudi kwenye lile tulilosema mwanzo. Tumeona kamyo zenye manometa nzuri zikiharibika vilevile. Mshale ulishuka, shofere aliona, akapiga simu, na mtu aliyekuwa mjini na mnunuzi akamwambia: "Fikisha kwanza, tutaona kesho." Shofere ni mfanyakazi. Akikataa anaogopa kufukuzwa. Akikubali na pompi ikafa, ataulizwa kwa nini hakusimama. Hapo chama kimempa jicho na kumnyima mdomo.

Kwa hiyo kabla ya mekanisiye kufungua sanduku lake, kamati ikae na iandike kanuni fupi. Tunapendekeza hii: mshale ukiingia kwenye nyekundu, shofere apunguze mwendo, ashuke gia, atafute mahali salama pa kuegesha, na abadilishe filtere hapo hapo. Ukibaki kwenye nyekundu, kamyo haiendelei, na hakuna mtu, hata prezida, mwenye ruhusa ya kumwamuru kwa simu. Shofere aliyesimama kwa kanuni hii hakatwi mshahara. Na yeye kwa upande wake aandike kwenye daftari la safari tarehe, mahali, mzigo na namba ya mshale. Asiyeandika hana kanuni ya kumlinda.

Kanuni hiyo inataka vitu vichache viwe ndani ya kamyo kila safari: filtere mbili mpya ndani ya mfuko uliofungwa, rondeli za shaba, kle za saizi yake, beseni, kitambaa safi, tochi. Na shofere na msaidizi wake wawe wamebadilisha filtere na kutoa hewa angalau mara moja mbele ya mekanisiye, mchana, kamyo ikiwa nyumbani. Usiku mlimani si mahali pa kujifunza.

Kwenye mkutano mkuu unaokuja, fanyeni jambo moja rahisi. Tumeni mtu dukani aulize bei mbili: bei ya filtere moja na bei ya kutengeneza pompi ya injeksio ya kamyo yenu. Aandike zote mbili ubaoni, na chini yake aandike ni magunia mangapi ya mpunga au mahindi yanalipa kila moja. Wanachama wakishaona magunia hayo, someni kanuni kwa sauti na mpige kura.